Re: Pikapu bovu mbele ya duka langu Malindi, naweza kuliuza chuma chakavu?

Ndugu, usiliuze wala usilikate. Kutelekezwa hakulifanyi kuwa lako, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni.

Anza kwa picha zenye tarehe, ukichukua namba ya usajili na ya chasisi. Pleti zikiwa zimeng'olewa, namba ya chasisi ndiyo tegemeo. Kwa namba ya usajili, tafuta mwenye gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya. Mara nyingi jina ni la mmiliki wa zamani, kwa sababu mnunuzi hakubadilisha jina kwenye logibuku (hati ya umiliki wa gari), kwa hiyo usimshtumu upesi. Halafu nenda polisi uandikishe, udai namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Huenda gari liliibwa.

Kisha andika barua ya kuomba gari liondolewe, uipeleke manispaa ya Malindi, nakala igongwe muhuri. Lakini likiwa kwenye hifadhi ya barabara kuu ya Mombasa, wahusika ni KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na manispaa watakuzungusha bure.

Wakati unasubiri, wazuie watoto na mafundi wa kuchoma vyuma. Hewa ya chumvi hutoboa tangi, na mvuke wa petroli hulipuka hata tangi likionekana tupu.