Njooni, Mlango Utangoja

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa babako. Sisi hatujambo, ila nyumba imepinduliwa juu chini. Umeniuliza kama mje na mtoto likizo hii, ilhali babako ameanzisha kazi kila chumba, ama mngoje mpaka amalize. Mumeo naye asema hataki kukaa kama mgeni, ataka kushika nyundo.

Njooni. Babako ana mapenzi na nyumba hii, akimaliza mlango ataona dirisha. Mtoto wa miezi tisa hangoji. Leo atambaa, kesho kutwa amesimama, na furaha ya kuiona futikamba ikijirudisha ndani yenyewe ina umri wake. Ninachotaka ni kazi zimfuate yeye, si yeye abanwe pembeni kwa ajili ya kazi.

Kuna kazi moja nimeisimamisha: mlango wa mbele na yale madirisha ya mbao. Rangi ile ya mafuta ilipakwa kabla hujazaliwa, na nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Ukiikwangua kwa msasa mkavu, vumbi linatua sakafuni, na sakafu ndiyo makao ya mjukuu wangu sasa: kiganja chini, halafu kiganja mdomoni. Mtoto mdogo hufyonza risasi iliyoingia tumboni mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na inapodhuru ubongo, dawa ya kuurudisha ulivyokuwa hakuna. Wayakumbuka ya mtaa wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, watu waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, lakini mzazi gani hangechagua afya ya mwanawe? Kwa hiyo mlango utakwanguliwa mkisharudi Nairobi, ukiwa umeloweshwa maji, na sakafu ipigwe deki baadaye. Babako alinung'unika kidogo, nikamtajia mjukuu, akanyamaza.

Chumba chenu kilipakwa rangi ya maji, imekauka, na madirisha yashinda wazi. Tineri na gunia la chokaa vimefungiwa stoo, maana chokaa ikiingia jichoni huunguza. Na uwanjani babako amefunga sumaku kwenye kamba, kila jioni aiburuta mchangani pale alipokuwa akipiga mbao. Jana ilitoka na misumari kama ndevu, mingine midogo hata mimi sikuiona.

Zilizobaki ni kazi za kucheza. Kile kitanda cha kamba kimelegea, ukikilalia mgongo wagusa chini. Mumeo na babako watakikaza, mmoja avuta, mwengine agonga kamba kwa kijiti isirudi, na mtoto atakaa mkekani awatazame. Nimemwekea kipande chake cha kamba, kifupi kisichoweza kuzunguka shingo, naye avute na wanaume wenzake. Akichoka kuvuta, kuna sufuria na mwiko, agonge mpaka majirani wajue bwana wangu mdogo amefika. Babako ameshaanza kulalamika kwamba ameletewa mume mwenza.

Mimi nitakuwa na ukili wangu. Nasuka ule mkeka mpana niliokuahidi, na nataka kumfichia kijiko chini ya leso. Mlipokuja Idi nilimfichia, akageuka akatazama kuku, kwake kijiko kilikuwa kimekwisha duniani. Umri huu mtoto huanza kujua kwamba kitu kilichofunikwa bado kipo, hukifuata. Nataka nimwone akiifunua leso kwa mkono wake.

Wewe usishike kazi yoyote siku ya kwanza. Lala. Unyonyeshaji na usiku wa kuamkaamka najua vilivyokuchosha, nilikuona usoni kwenye simu. Uji wa wimbi nitausaga mwenyewe, na ndizi za kumpondea zimeiva. Mashangazi watakuja na asali ya kumpaka ulimini, nimeshawaambia si kabla ya kutimiza mwaka. Mmoja amenuna, lakini atakuja tu, kwa huyu mtoto hakuna anayeweza kununa siku mbili.

Pandeni treni ya asubuhi, usiku usiwakute njiani na mtoto amechoka. Babako atawapokea Miritini. Leteni chandarua chake kidogo alichozoea, na nguo za kuchafua, za kwenu pia.

Jambo la mwisho, na nijibu leo: mpime mguu, kutoka goti mpaka kisigino, na upana wa makalio. Babako ana mbao ya mvule iliyobaki na ataka kumchongea kiti. Amekataa kuikata kwa kukisia.

Mamako akupendaye