Katuni hazimaliziki, ninunue teblet?

SWALI: Habari za kazi. Nimeanza kutengeneza katuni mwaka jana na mpaka leo sijamaliza hata moja, naanza kwa moto siku ya tatu nishachoka. Laptop yangu ya kizamani, je nikinunua teblet ya kuchorea yenye skrini mambo yatanyooka? Na nyie siku yenu inaendaje?

JIBU: Teblet iache kwanza ndugu yangu, we tatizo lako ni hesabu. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24 (yani picha moja moja), hata ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili kama wengi tunavyofanya bado ni michoro 12 kwa sekunde, yani dakika moja ni michoro 720, sasa moto wa siku tatu utakufikisha wapi?

Mimi asubuhi kichwa kikiwa bado chepesi nachora pozi kuu tu, zile ambazo ukiiona moja peke yake ushajua mhusika anafanya nini, mchana nikianza kuchoka ndo najaza michoro ya kati ya pozi na pozi na kupaka rangi, kazi ambayo mkono unaenda wenyewe huku nasikiliza redio. Jioni naacha mchoro mmoja nusu makusudi, kesho nikifungua najua pa kuanzia.

Ila kabla ya yote tengeneza animatiki, yani storibodi yako (michoro ya haraka ya kila tukio), hata ya watu wa vijiti, unaipanga kwenye taimlaini, ule mstari wa muda kwenye programu, pamoja na sauti uliyorekodi kwa simu. Pakiboa kata hapo hapo. Kukata vijiti hakuumi, ila sekunde nne ulizochora wiki nzima utazitetea hata kama zinaharibu filamu (nimeshafanya huo ujinga, zaidi ya mara moja).

Programu za bure zipo, Krita, OpenToonz, na Blender ambayo ndo imetengeneza Flow, filamu ya katuni ya Gints Zilbalodis iliyobeba Oscar 2025, kwa hiyo usidharau cha bure. Kwa laptop yako anza na Krita, ila inakula memori sana, so weka turubai (eneo la kuchorea) pikseli 1280 kwa 720 na kila shoti iwe na faili lake. Na kopi nje ya laptop kila jioni tafadhali!!

Hiyo teblet utainunua ukishamaliza katuni ya sekunde kumi, na hata isiyo na skrini inatosha, siku chache tu mkono unazoea.