Kabla ya Kumwomba Kijana Asimulie, Simulia Wewe

Kwa miaka kadhaa nimejitolea kuongoza kikundi cha vijana wa sekondari hapa Columbus, Ohio, ambao ama wanavutiwa na wenzao wa jinsia moja, ama hawajioni katika jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Baadhi yao ni watoto wa wakimbizi kutoka Kongo, na nyumbani kwao Kiswahili ndicho kinachozungumzwa. Kazi yetu kubwa ni kusimuliana, na ninawaandikia walimu na walezi wanaotaka kufanya vivyo hivyo.

Septemba 2010, baada ya vijana kadhaa waliokuwa wakionewa shuleni kujiua, mwandishi Dan Savage na mumewe, Terry Miller, waliweka mtandaoni video iliyoeleza jinsi maisha yao yalivyokuja kuwa mazuri, na watu wazima wengi mno wakafuata. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, kijana wa miaka 15 haishi kwa ahadi ya utu uzima. Anataka kusikilizwa leo. Ndiyo maana ninashauri mtu mzima atangulie kusimulia, tena asisimulie ushindi wake, bali siku ya kawaida. Mvulana mmoja, aliyezoea kuketi karibu na mlango bila kuvua kofia ya jaketi, alifungua kinywa siku mwenzetu aliposimulia alivyokuwa akijifunza kutembea upya, peke yake chumbani, ili asichekwe. "Hata mimi," alisema, kisha akatueleza njia ndefu anayopita ili akwepe kituo cha basi.

Akishasema hayo, usimdai zaidi. Usimrekodi, wala usiyafikishe kwa wazazi bila ridhaa yake, kwani wapo wanaofukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo. Utafiti wa Caitlin Ryan na wenzake, uliochapishwa 2009, ulionyesha kwamba vijana waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua kuliko wale ambao hawakukataliwa, au walikataliwa kidogo.

Siri hiyo ina mpaka, na vijana wauelewe tangu siku ya kwanza. Simulizi ikigusa kifo, muulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo hilo, mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Hapa Marekani tunapiga 988, namba ya simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, pamoja naye, na hatumwachi peke yake mpaka afike mtu mzima anayemwamini.