Kwa nini vitanzi 64 vya soksi havimtoshi kila mtu

Swali: Nimefuma soksi kwa uzi mwembamba wa sufu na sindano za milimita 2.5, vitanzi 64, zikanikaa vizuri. Nikaandika maelekezo nikawatumia wenzangu wa kikundi kwa WhatsApp. Mmoja zimempwaya, mwingine hata kisigino hakipiti, na wote wanasema wamefuata kila mstari. Niandikeje ili kila mtu apate zinazomtosha? *Msomaji, Njombe*

Jibu: Wenzako wanasema kweli. Umewapa idadi ya vitanzi bila kipimo cha mkono, yaani vitanzi vingapi mfumaji anapata kwa sm 10. Watu wawili wakitumia uzi uleule na sindano ileile, mmoja hukaza, mwingine hulegeza. Anayepata vitanzi 32 kwa sm 10, vile 64 vinampa soksi ya mzunguko wa sm 20. Anayepata 28 atatoka na karibu sm 23, na anayepata 36 atatoka na chini ya sm 18.

Kwa hiyo maelekezo yaanze na kipimo: vitanzi 32 na mizunguko 44 kwa sm 10, baada ya kufua. Kipande cha majaribio kifumwe kwa kuzunguka kama soksi yenyewe, maana wengi mkono hubadilika wanapofuma kwa nyuma, kama inavyobidi kwenye kipande bapa. Kifuliwe, kikauke, ndipo rula iwekwe katikati, mbali na kingo. Akipata pungufu ya 32 ashuke sindano ya 2.25, akizidisha apande 2.75. Vitanzi asiviguse.

Sasa saizi. Pima mzunguko wa mguu pale palipo papana, nyuma kidogo ya vidole, utoe asilimia 10. Soksi lazima ivutike ndipo ishike. Iliyo sawa na mguu hujikunja ndani ya kiatu na kutoboka mapema. Kisha zidisha kwa 3.2, ambavyo ni vitanzi vya kila sm 1: mguu wa sm 22 ni 22 × 0.9 × 3.2, yaani 63.4. Sogeza hadi namba ya karibu inayogawanyika kwa 8, ili hata nusu yake igawanyike kwa 4 na ukingo wa juu unaovutika, wa vitanzi viwili mbele, viwili nyuma, uende sawa. Kwa saizi tatu andika 56 (64, 72), ndogo nje ya mabano, ya kati na kubwa ndani yake, kwa miguu ya sm 19.5 (22, 25), na mpangilio huo wa mabano uushike hadi mwisho.

Kisigino ndicho kinachowapoteza watu, hapo usifupishe. Kifumwe kwa nusu ya vitanzi, 28 (32, 36), na idadi hiyohiyo ya mistari, kitanzi cha kwanza cha kila mstari kikihamishwa bila kufumwa. Kukigeuza: fuma 16 (18, 20), viwili pamoja, kimoja, geuza; hamisha kimoja, fuma 5 kwa nyuma, viwili pamoja, kimoja, geuza. Endelea hivyo, kila mstari ukifuma kimoja zaidi kabla ya viwili pamoja, hadi vibaki 16 (18, 20). Okota vitanzi vipya 14 (16, 18) kwenye ukingo wa kila ubavu wa kisigino. Jumla ya sindano zote, pamoja na ile nusu iliyosubiri juu ya mguu, iwe 72 (82, 92). Idadi kama hizo ziandike mwisho wa kila hatua, ili aliyekosea agundue palepale. Pembeni pakibaki tundu, aokote kimoja cha ziada na kukifuma pamoja na jirani yake mzunguko unaofuata. Kisha apunguze viwili kila mzunguko wa pili hadi arudi 56 (64, 72).

Aliyekwama kisigino huenda pia alianzisha vitanzi kwa kukaza. Kuanzishia kwenye sindano nene hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuacha uzi kidogo kati ya kitanzi na kitanzi.

Vidoleni aanze kupunguza ikiwa imebaki sm 4 (4.5, 5) kufika urefu anaoutaka, ambao ni unyayo kutoa sm 1.

Uzi utaje kwa mita pamoja na gramu: kwa kawaida gramu 100 zenye mita 400 hutosha jozi ya mtu mzima. Kabla ya kusambaza, tafuta wafumaji watatu, mmoja kila saizi, wakuletee kipimo chao, mita walizotumia na mstari uliowasimamisha. Tuma PDF kama faili, kwa sababu picha za WhatsApp hubanwa na alama za mchoro hazisomeki. Weka tarehe ya toleo, na useme wazi kama wanaruhusiwa kuuza soksi watakazofuma.