"Kufanya kazi" kwa Kinorwei si neno moja

Wadogo zangu mnaouliza kama Kiingereza cha shule kitawatosha Norwei: dukani kitatosha. Kazini mtakwama, hata mkiwa na programu ya tafsiri kwenye simu, na mtakwama kwanza kwenye vitenzi vya kazi yenyewe.

Sisi husema mtu anafanya kazi, lifti haifanyi kazi, dawa imefanya kazi. Kiingereza nacho kina "work" kwa yote matatu. Mnorwei anayatenganisha. Mtu "jobber", "arbeider" ni lile lile likiwa limevaa tai, mtalikuta kwenye barua na mikataba. Ukitaja kazi yako usitie "en", ile "a" ya Kiingereza: ni "jeg jobber som sykepleier" (nafanya kazi ya uuguzi), basi. Kifaa au dawa "virker": "heisen virker ikke", lifti mbovu. "Fungerer" hufaa kwa kifaa pia, na hasa kwa mpango au utaratibu. Jihadharini tu, "han virker sliten" ni kwamba anaonekana amechoka. Kazi haimo humo.

Mtego mkubwa ni "operate" ya Kiingereza. "Operere" kwa kawaida ni upasuaji, kwa hiyo anayeandika kwenye wasifu wake "jeg har operert truck" ("truck" kwao ni foklifti) amejitangaza daktari wa foklifti. Foklifti huendeshwa: "jeg har kjørt truck", na mwajiri atataka kuona cheti, "truckførerbevis". Mashine ya kiwandani unai-"betjene", kitenzi hicho hicho cha kuhudumia wateja. Biashara ni "drive": "hun driver en kafé", wakati uliopita "drev", kisha "har drevet". Humo ndimo linamotoka "drift", uendeshaji. Mkiona "ute av drift" kwenye mashine ya tiketi, tafuteni nyingine. Na mtu akiuliza "hva driver du med?" anataka kujua unashughulika na nini, pengine ni hapo jikoni tu.

Basi halikimbii kama "run" ya Kiingereza, linakwenda: "bussen går klokka sju", basi linaondoka saa moja.

Kwenye usaili wengi huharibu kwenye nyakati. "Jeg jobber der siden 2021" (nafanya kazi pale tangu 2021) ni kosa. Kama bado upo, sema "jeg har jobbet der siden 2021". Ukisema "jeg jobbet der i to år" (nilifanya kazi pale miaka miwili), wataelewa umeshaondoka, na swali litakalofuata ni kwa nini.