Kugeuza barabara ya zamani kuwa motawei: ya kujua kabla hujashika ramani

Wewe unayeingia kwenye kazi hii, anza kwa kuutazama mradi wa barabara kuu ya A1 kati ya Leeming na Barton, North Yorkshire, Uingereza. Kusini yake palikuwa na motawei, yaani barabara ya mwendo kasi ya magari pekee, kaskazini vilevile. Katikati zikabaki takriban kilomita 19 za barabara ya njia mbili mbili. Kazi ilianza mwaka 2014, na mwaka 2018 pengo likazibwa kwa njia tatu kila upande.

Wanaoanza hudhani kazi kubwa ni kuongeza njia moja. Sivyo. Barabara ikishakuwa motawei, trekta, baiskeli, farasi na waenda kwa miguu hawaruhusiwi tena. Kwa hiyo inahitajika barabara ya wenyeji pembeni, na madaraja ya kuvukia. Tembea urefu wote kwa miguu. Andika kila geti la shamba, nani analitumia, na mashine yake kubwa ya mavuno ina upana gani. Geti moja likisahaulika, mchoro wa daraja zima unaweza kurudi mezani.

Halafu kuna yaliyozikwa. A1 hapo kwa sehemu kubwa inafuata Dere Street, barabara ya Warumi. Mji wao Cataractonium ulikuwa Catterick, na kwenye makutano ya Scotch Corner kilifukuliwa kisanamu cha kaharabu cha mtu aliyevaa toga, vazi la Kirumi. Wanaakiolojia wapewe wiki zao ndani ya ratiba, mbele ya greda. Ukiwahesabu kama dharura, mitambo itasimama huku inalipiwa.

Panapoharibika sana ni pale tuta jipya la udongo linalobeba barabara linapokutana na la zamani. Ukimwaga udongo juu ya mteremko wenye nyasi, udongo huo utateleza, na baadaye ufa mrefu utachora lami sambamba na kiungo hicho. Ondoa nyasi na udongo wa juu, kata ngazi kwenye mteremko, kisha jaza kwa tabaka za milimita 200 hadi 250, kila moja ishindiliwe na kupimwa kabla ya inayofuata. Mfinyanzi uliolowa ukinepa chini ya rola, usiendelee kushindilia: uache ukauke au uutoe.

Maji nayo yaangaliwe kwa jicho kali. Chini ya mashamba mara nyingi kuna mabomba ya udongo ya kutolea maji. Ekskaveta ikivunja moja, utaona kigae chekundu na maji yakichirizika kidogo tu, na opereta anaweza kufukia aendelee. Mzuie. Piga picha, pima mahali pake, uliunganishe na mtaro mpya siku hiyohiyo. Likifukiwa, maji hujikusanya kwenye kitako cha tuta, udongo unalainika, na mteremko unaporomoka majira ya baridi.

Magari hayasubiri ujenzi uishe. Jenga upande mpya kwanza, hamishia magari yote huko kwa njia zilizobanwa na mwendo uliopunguzwa, ndipo ubomoe upande wa zamani. Kabla ya kuhamisha, pita usiku uone kama alama za zamani zilizofutwa bado zinang'aa kwenye mvua. Dereva huzifuata hizo.