Nachoma taka kwenye kiwanja changu mwenyewe, je nina dhambi?

SWALI: Asalam aleykum sheikh. Taka za nyumbani mi nachoma kwenye shimo nyuma ya nyumba, mifuko ya plastiki, chupa, betri za tochi, mabaki ya chakula, vyote humo humo. Jirani analalamika moshi unaingia kwake na ana mtoto mchanga. Naona kiwanja ni changu, je nina dhambi?

JIBU: Waaleykum salam warahmatullah. Ndugu yangu, tuanze na hilo neno lako "kiwanja changu", maana Mtume (s.a.w.) alishalipigia mfano. Kwenye hadithi ya Nuuman bin Bashir iliyopokewa na Bukhari kuna watu walipiga kura jahazini, wengine wakapata juu wengine chini, wale wa chini kila wakitaka maji inabidi wapite kwa wenzao wa juu, wakasema si bora tutoboe tundu hapa kwenye sehemu yetu ili tusiwasumbue. Sehemu yetu! Na nia yao nzuri kabisa, ila wakiachwa watoboe wanazama wote.

Shimo lako ndo lile tundu. Plastiki ikiungua kwenye moto mdogo wa uani haiishi, inayeyuka inadondoka matone meusi na ule moshi unabeba sumu, ikiwemo dioksini, na kifua cha mtoto mchanga ndo kinaumia mwanzo. Betri nazo metali zake haziungui, zinabaki kwenye majivu, mvua ikinyesha zinashuka ardhini hadi kwenye maji ambayo hata wewe unatilia udhu.

Kwahiyo jibu ni ndio, ukishajua unadhuru mtu afu ukaendelea hiyo ni dhambi, kwasababu Mtume kasema hakuna kudhuru wala kudhuriana (Ibn Majah). Na kinachonitia hofu zaidi juu yako ni kwamba hii sio haki ya Allah peke yake, ni haki ya mja, yaani istighfari peke yake haitoshi mpaka yule jirani akusamehe. Watu wengi hili wanalisahau, wanadhani haki za watu ni madeni ya pesa tu.

Mabaki ya chakula usiyachome, yafukie yawe mboji, na kama kila siku yanajaa ndoo basi pikeni kidogo maana hapo kuna israfu nayo imekatazwa (Al-Aaraf 31). Plastiki na betri zikusanye kavu pembeni mpaka upate wanaozichukua, na mifuko usiichukue ovyo tangu mwanzo.

Ila kabla ya yote hayo nenda kwa jirani leo, usimtume mtu, mwombe radhi mwenyewe na umuulizie hali ya mtoto.

Wallahu aalam.